Kiti ya Upande wa Ziwa

…kile kicheko, sauti ningeivumilia, lakini kile kicheko cha Samy jana usiku nyuma ya jiko, kicheko cha muntu anayejiziba kinywa na mukono ili asiamushe mutoto, ao ili asiamushe mama ya mutoto, na mimi macho wazi mu giza, Manzi ananyonya hana habari, na bwana yangu amesimama pale ku jiwe, pale peke yake rezo ya telefone inashikaga hapa kwetu Kibabi, anacheka na muntu ku telefone, anamwambia, nilisikia vizuri, ukuta yetu iko ya mbao tu, "Utakaa mbele, ku dirisha, upande wa ziwa," … maharage, chagua maharage weye mama, hii iko jiwe, hii iko muzuri, hii wadudu wameshaitoboa, jua bado iko juu na mimi nimekaa ku mulango na ungo juu ya magoti na Manzi mu mugongo, na ule aliyecheka iko pale mu kiwanja, amelala chini ya jeep ya Papa Mbusa, naona miguu yake tu, kiatu moja imefunguka kamba, na Papa Mbusa mwenye jeep, mwenye duka, amekaa juu ya bidon ya mafuta anamuhesabia njia kama muntu anasali rozari, "Tunashuka Sake, tunakamata Shasha, Kirotshe, Minova tunakula samaki, sambaza za moto, halafu Nyabibwe, Kalehe, Katana, na jua haijalala tuko Bukavu, Samy, tuko Bukavu!" na miguu ya Samy inajibu, "Ndiyo, Papa," na Papa Mbusa anasema batu wote wanapita na bateau kama mizigo, wanalala, wanatapika, wanafika, hawakuona kitu, sisi tutapita na njia ya inchi kavu, tutaona ziwa yote na macho yetu, na mimi nachagua maharage, kwa sababu ile njia ilikuwa yangu, Papa Mbusa, iko yangu, niliikamata mbele yenu wote, ku masomo ya secondaire, mu troisième, mwalimu wa jiografia alichora Kivu ku ubao na chaki ya bluu na akaweka visiwa, na pembeni akapitisha njia, nyembamba, inazunguka kila kakona ya maji kama uzi ku nguo, na mimi nikasema mu mutima, ile, siku moja ile, na nilimwambia nani? nilimwambia Samy, alikuwa bado ananitongoza, amekuja kunichukua ku masomo na moto, pikipiki ya kukopa, nikamwambia Samy mimi nataka kuona ile njia kutoka mwanzo mpaka mwisho, siendi kwa muntu, siendi kununua kitu, naenda kuangalia tu, na akanicheka, kile kile kicheko, akasema, "Nitakupeleka, utakaa ku dirisha"… basi dirisha ilikuwa yangu. Sasa amempa nani.

Sasa amempa nani, na ile ya kunikata maini haikuwa dirisha, ilikuwa ile ya nyuma, alishusha sauti na akasema, "Hapana, usibebe matelas, matelas ya nini? Hatukimbie," na akacheka tena, na pale njo usingizi ilinitoka mpaka asubui, kwa sababu mimi, bibi yake, mama ya mutoto wake, maneno gani aliniambiaga ku njia? Beba matelas. Njo hiyo. Siku tulitoka kule juu, mimba ya Manzi imeshakuwa kubwa, mvua, milio ya bunduki inatoka nyuma ya kilima, na Samy amebeba sufuria na mufuko ya unga na anapiga kelele, "Beba matelas! Acha hiyo yote, beba matelas!" na nikabeba ile godoro ku kichwa ikanywa maji ikawa nzito kama muntu amelala, na tulishuka mpaka kule chini, tulipita karibu ya ziwa, watu wanasema tulipita karibu sana, mimi sikuiona, matelas ilinifunika macho, niliona tu visigino vya mama aliyekuwa mbele yangu, visigino vya kupasuka, vinapanda, vinashuka, hiyo njo safari yangu, hiyo njo Kivu yangu, mimi sijawahi kusafiri, nimekimbia tu, na sasa kuko muntu fulani mahali fulani anaambiwa usibebe matelas, weka mikono ku magoti, angalia visiwa… Régine. Nani mwengine kama si Régine, mudogo wa bibi ya Papa Mbusa, anauzisha ku duka, nywele zake hazijawahi kukaa wiki mbili na sura moja, juzi nimeenda kuchukua chumvi ananiambia mbele ya watu, "Mama Manzi, bwana yako anaendesha polepole kama amebeba mayai, anaogopa kuamusha nani?" na wote wakacheka na mimi pia nikacheka, mujinga, meno yote inje, na akaongeza, "Muniachie kiti ya mbele, mimi sitapike," hiyo haikuwa masikilizano yao? Haikuwa? Mu jeep kuko Papa Mbusa na bibi yake nyuma pamoja na vyombo, kuko Samy ku usukani, na usukani ya ile jeep iko ku kuume, kwa hiyo ule anayekaa kando ya Samy, wakati ya kwenda, ziwa yote iko yake, kutoka Shasha mpaka kule, inapita mbele ya pua yake, mitumbwi, visiwa, na akichoka kuangalia maji anaweza kugeuza shingo na kuangalia bwana yangu.

"Samy, frein inashika?" "Breki inashika, Papa." "Inashika kama gani?" "Kama bibi anashika bwana siku ya soko." Wanacheka. Cheka, Samy. Manzi anajinyoosha, kichwa yake inagonga mugongo wangu, lala papa, lala… na kuko ile kitu ingine, ile sijaitoa, ile iko mu kinywa yangu tangu saa sita kama jiwe ya haya maharage, kwa sababu saa sita nimepanda ku jiwe na Igiraneza amenipigia, mudogo wangu, binti ya baba mudogo, ule aliolewa Kirotshe, nyumba yake iko kabisa ku njia, ukikohoa mu gari anakusikia, na amesema, "Yaya, mwambie Samy njia imetulia, magari inapita tangu asubui, hata ya matunda, hakuna mulio," na hapa kwetu hivyo njo inakwendaga, hakuna muntu anaweka mutoto wake mu gari kwa sababu ya radio, unauliza kwanza muntu anayelala ku ile njia, na ule muntu wetu iko mudogo wangu, na alisema kwangu, si kwa Samy, kwangu, kwa hiyo ile njia, tangu saa sita, iko mikononi mwangu, naweza kuifungua, naweza kuifunga, barrière iko mimi. Na niliomba. Mungu wangu niliomba, nimekaa hapa nachagua na nikaomba risasi, nilisema moja tu, ya hewa, isiguse muntu, isiguse hata mbuzi, moja tu kule Shasha ili wageuze jeep, mimi, mimi niliyebeba ile matelas, mimi nashituka mutu akifunga mulango na nguvu, mimi nalalaga na viatu ya mutoto kando ya kichwa, nimeomba vita kwa sababu ya dirisha, ni nani mumoja anafanyaga hivyo, ni muntu gani, lakini sikuhitaji hata risasi ya kweli, njo hiyo inanitisha, nahitaji tu kuisema, "Igiraneza anasema kuko milio," maneno kidogo, na hakuna atanicheka, hakuna atanikasirikia, watanishukuru, Papa Mbusa atasema bibi yako iko na akili Samy, kwa sababu uongo ule unafanana kabisa na upendo, na nani anaweza kuapa juu ya njia? nikisema imetulia na kesho yake wakakutana na wale wa bunduki, iko mimi nilisema imetulia, iko mimi nitakaa na ile neno maisha yangu yote, afazali kusema milio, ona, ona namna inakuja kuwa ya akili, ona namna inavaa nguo ya kanisa…

"Na habari ya Kirotshe?" iko Papa Mbusa anauliza, "bibi yako alipata ule mudogo wake?" "Bado hajaniambia, Papa." "Muulize basi, tusikae kama wajinga. Na mama yako, ameshakubali kuja, ao bado anaogopa?" na nasikia kutoka chini ya jeep kile kicheko, kile chenyewe, chenye kujibana, na Samy anasema, "Wacha, Papa! Nilimupigia jana usiku, njo saa anapataga rezo kule kambini, namwambia mama, moto itakuleta, utakaa na mimi mbele, tunaenda Bukavu. Anauliza, 'Wanatoka upande gani?' Namwambia, nani? Anasema, 'Wale wanaotukimbiza.' Mama, hakuna anayekimbiza, tunaenda kuona ziwa. Halafu nasikia krrr, krrr, namuuliza unafanya nini, anasema, 'Nafunga matelas na kamba!'" na Papa Mbusa anapiga bidon na mukono, anacheka mpaka anakohoa, "Na ukamwambia?" "Nikamwambia usibebe matelas! Anasema, 'Sawa, mwana wangu, lakini sufuria kubwa nibebe?'" na wanacheka wote wawili, halafu kicheko kinakwisha bila mutu kukikatisha, na Papa Mbusa anapangusa macho na anasema polepole tu, "Masikini."

Mama yake. Ilikuwa mama yake. Maharage imesimama, vidole vyangu vimesimama, nangojea moyo ushuke, ungeshuka sasa, haiko Régine, haiko mutu wa nywele, iko Mama Muhawenimana kule kambini Kashuga chini ya bâche, turubai yenye kuvuja ku pembe moja, mama mukwe yangu, ule alitembea kwa miguu na kikapo ku kichwa siku nilizaa, analeta unga wa mutama ili nipike uji maziwa ishuke, na akaniosha na maji ya moto na mikono yake mwenyewe, sehemu ambazo hata mama yangu angeona haya, na akaimba tu chini chini… shuka basi, moyo, kwa nini haushuki. Haushuki. Ingekuwa Régine ningejua pa kushika, ningemukamata zile nywele mbele ya duka, kila mama angenipa haki, lakini huyu nimukamate wapi, nimuchukie na kipande gani cha mwili wangu, na bado, bado, nataka ile dirisha, naona wivu na mama muzee asiye na meno ya nyuma, kwa sababu yeye alipigiwa telefone usiku na akachekwa kwa upole na akaambiwa hatukimbie, na mimi hakuna aliyeniambia, Samy alifikiri nini, alifikiri mutoto iko mudogo, njia iko mubaya, ao hakufikiri, alisahau ule ubao na chaki ya bluu, kwake ilikuwa maneno ya kutongoza tu, yamekwisha kazi yao, na ile uongo, ajabu, ile uongo bado iko ku ulimi, haikuondoka na Régine, nilifikiri niliitengeneza kwa ajili ya Régine na kumbe inaweza kukaa hata juu ya muzee, inaketi vizuri tu, milio Shasha, na kule Kashuga telefone italia usiku na ataambiwa mama, acha, kuko vita, na hatashangaa. Njo hiyo inaniua. Hatashangaa hata kidogo. Atasema, niliwaambia, na atarudisha kamba ku matelas yake, na atalala…

"Mama Manzi!" Samy ametoa kichwa chini ya jeep, iko na mafuta ku paji ya uso kama muntu amebatizwa vibaya, anakunja macho juu ya jua, "Mama Manzi, Igiraneza alisema nini?" na naona uso yake, sikuwahi kuiona hivi, iko anaogopa, muntu mukubwa anaogopa jibu langu, anangojea kama mutoto ku mulango ya masomo siku ya kutangaza pointi, kwa sababu na yeye, hii nilikuwa sijaifikiria, na yeye hajawahi kwenda mahali ili kuona tu, hata yeye kila njia aliipita akigeuka nyuma, na kinywa yangu inafunguka na sijui ni ipi itatoka, Mungu ananisikia sijui, zote mbili ziko pale, "Imetulia," nasema. "Magari inapita tangu asubui. Hata ya matunda." "Kweli?" "Njo vile alisema." "Umesikia, Papa?" na Papa Mbusa anasema Bwana asifiwe na anasimama na bidon inasimama naye kidogo imeshika suruali yake, na Samy anarudisha kichwa chini ya jeep, na naona miguu tena. Hakuna aliyesema, na weye? Nilingojea kidogo, naweza kusema nilingojea, na chuma ikaanza kugonga chuma. Basi kama hakuna anayeniuliza, nitauliza mimi, leo leo, akinawa mikono nitamwambia Samy weka mama yako ku dirisha, mimi nyuma kati ya vyombo na Manzi ku magoti, nitaangalia juu ya bega yake, muzee ataona mbele na mimi nitaona nyuma yake, na akikataa atanikatalia uso kwa uso, nitajua… lakini ile ingine, ile ya kuomba risasi, ile ya maneno yaliyokuwa tayari ku ulimi, hapana, ile Samy hataisikia, muzee hataisikia, hata padri kule Kirotshe nikipiga magoti mbele yake nitamupa zambi zingine, niko nazo, Manzi weye ulikuwa mu mugongo, ulisikia moyo yangu ikigonga, weye peke yako unajua, lala papa, mutu mwengine sitamwambia.