Mizizi ya Injini

Watu wa kijiji cha Isansa, milimani Mbozi, walikwisha kuizoea ndege ya Yonathani kama walivyouzoea mnara wa simu. Miaka sita ilikuwa ndani ya ghala la zamani la kahawa, mwaka huu ikiota mbavu, mwaka ujao mkia, na wale waliokuwa wakimwita kichaa walichoka wenyewe, wakabaki kumwita Rubani. Yeye alikuwa fundi wa mashine za kusaga na kukoboa, mtu wa mikono mizito na maneno machache, aliyenunua michoro ya ndege ndogo ya viti viwili na kuifuata mstari kwa mstari. Sasa mabawa yalikuwa tayari, kitambaa kimewambwa, magurudumu yamekaa mahali pake. Kilichobaki ni injini tu.

Hapo ndipo mkewe Imelda alipoanza maswali.

Kuuliza si ujinga, na kama kuuliza kungelipwa mshahara, Imelda angekuwa amejenga ghorofa mjini Vwawa. Tena safari hii alikuwa na haki yake, kwa sababu kile kiti cha pili kilikuwa chake. Alitaka kuliona shamba lake kutoka juu kabla hajazeeka. Alikuwa anaogopa, hakuficha, lakini hamu ilikuwa imeuzidi woga.

"Zipo injini mbili mpakani Tunduma," Yonathani alimwambia jioni moja wakila. "Aina moja, nguvu moja. Ya kwanza imetoka kiwanda chenyewe, kiwanda mama. Ya pili ni ya leseni."

"Ya leseni ndiyo ipi, Baba Tumpale?"

"Kiwanda mama kiliuza michoro na ruhusa kwa kiwanda cha nchi nyingine. Hicho nacho kinatengeneza injini ile ile, kinapiga kibati cha jina lake."

"Michoro ni ile ile?"

"Ile ile."

"Na chuma?"

"Chuma cha kipimo kile kile."

"Kifaa cha huku kinaingia kule?"

"Kinaingia."

"Na huku kwetu mlimani zinapumua sawa?"

Yonathani akatabasamu, maana swali lilikuwa zuri. "Hewa ya Mbozi ni nyepesi, mama. Injini ya nguvu za farasi mia huku inabaki na themanini na kitu. Zote mbili."

"Na yule mkaguzi wa ndege ulimpigia? Alisemaje?"

"Alisema yoyote atakubali kuikagua, mradi daftari lake la kumbukumbu za kazi liwe kamili."

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kwamba ile haikuzaliwa kwao," Yonathani alisema, akainua tonge. "Mimi nataka orijino. Gari likizima unashuka unasukuma. Kule juu utashukia wapi?"

Imelda akaacha kuuliza, na Imelda akiacha kuuliza ujue kuna mahali pameguswa.

Miaka kumi na tano alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kitalu cha kahawa. Vipandikizi vyao vilitoka bustani mama ya kituo cha utafiti. Wao walifundishwa, wakapewa ruhusa na daftari la kumbukumbu, wakaanza kuzalisha miche. Kahawa ni ile ile, kitalu ndicho kingine. Mwanzoni watu waliwacheka, wakaiita miche yao ya kughushi, lakini mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na sasa nusu ya kahawa ya Isansa ilikuwa imesimama kwa miche ya Imelda. Shamba moja tu lilikuwa halina hata mche wake mmoja, nalo ni shamba la chini la mume wake mwenyewe.

Mwaka ule wa kulipanda, Yonathani alikodi gari, akasafiri siku mbili kwenda kwa wakala mmoja wa mbali aliyedai miche yake imetoka bustani mama moja kwa moja. Kitalu cha mkewe kilikuwa hatua mia moja kutoka mlangoni. Hakufanya kwa ubaya. Alisema tu anataka ya chimbuko. Imelda aliwapikia waliokuja kupanda, akawatengea, akawaambia karibuni, na moyoni aliumia kupita kiasi. Miche ile ilistawi miaka miwili, wa tatu ilipoanza kuzaa ikanyauka yote. Imelda aling'oa mmoja, akatazama chini, akajua. Yonathani alisema ni ukame, na yakaishia hapo.

Kwa hiyo injini ya leseni haikuwa injini tu kwake. Alitaka, walau mara moja kabla ya kufa, mumewe akubali kwamba kitu kilicholelewa na mikono mingine ni halisi. Alilitaka jambo hilo kuliko hata kile kiti cha pili.

Jumamosi walishuka Tunduma na pikapu, wakapita pembeni ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, wakaingia yadi ya Marita Nambeye. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vyuma wa siku nyingi, mnene, mcheshi, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka.

"Mwaiseni mukwai, karibuni! Rubani leo umekuja na mama? Basi leo nitauza."

Injini zilikuwa juu ya mbao, moja kando ya nyingine. Ya kiwanda mama ilikuwa imepakwa rangi ikang'aa mpaka Yonathani alivua kofia bila kujua. Ya leseni ilikuwa ya kijivu, ina mafuta mafuta, na kibati chake kilisema wazi kwamba imetengenezwa kwa ruhusa ya fulani na fulani.

"Dada, hii si kopi?" Yonathani aliuliza.

"Kopi haiandiki jina la baba yake, shemeji," Marita alijibu. "Kaka yangu pale Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anaitwa Simbeye, mimi Nambeye, maana kwetu jina la ukoo wanaume hulianza na Si, wanawake na Na. Kwa sababu kibati changu kinasoma tofauti, utasema mimi si wa nyumba ile?"

Imelda alicheka mpaka akashika nguzo, lakini macho yake yalikuwa tayari yako kwenye madaftari ya injini. Alikaa juu ya tairi, akavaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa kama anavyosoma daftari la kitalu. Injini ya kiwanda mama ilikuwa imefanya kazi saa mia nne. Ya leseni saa mia tisa.

"Umeona?" Yonathani alisema. "Ya mama bado binti kabisa."

"Nimeona. Ila mara ya mwisho iliwaka lini?"

Yonathani akachungulia. Ya leseni iliteremshwa kwenye ndege mwaka juzi. Ya kiwanda mama ilikuwa na miaka tisa bila kuwashwa.

"Imepumzika," Yonathani alisema.

"Imekaa kwenye kiriba," Imelda alisema.

Marita hakuelewa, akauliza. Imelda akamweleza. Mche wa kahawa hukuzwa ndani ya kiriba, kile kimfuko cheusi cha nailoni. Ukikaa humo muda mrefu majani yanapendeza, lakini chini mizizi inakosa pa kwenda, inajizungusha. Mteja wa juu juu anatazama majani. Ndiyo maana kwenye kitalu chao kuna utaratibu: mnunuzi anachagua mche wowote, kiriba kinachanwa mbele yake, anaona mizizi. Muuzaji anayekataa kuchana, mnunuzi anaaga anaondoka.

"Sasa kiriba cha injini kinachanwaje?" Imelda alimgeukia mumewe. "Miaka tisa bila kuwaka, kitu gani humo ndani kinaharibika kwanza?"

Fundi akiulizwa swali la kifundi hawezi kujizuia. "Kemshafti," alisema. "Ile shafti yenye vinundu inayofungua vali. Iko juu, mafuta yote yanachuruzika, inabaki kavu. Ikishika kutu, vinundu vinasagika." Akasita. "Ukitoa silinda moja unaiona."

"Basi toa."

"Fungueni," Marita alisema, "mradi mrudishe kama mlivyokuta. Kizuri chajiuza."

"Tufungue ya leseni," Yonathani alisema. "Ile ya mama haina haja."

Imelda hakubishana. Mumewe alivua shati, akashika spana, na baada ya saa nzima ya kuhema na kunung'unika silinda ikatoka. Tundu lilikuwa dogo, mikono ya Yonathani mikubwa. Imelda ndiye aliyeingiza tochi na kioo, kwa mikono ile ile iliyozoea vipandikizi.

Aliona vinundu vimejipanga, vinameta kwa mafuta, kimoja, viwili, vitatu. Moyo ukamruka kwa furaha. Akasogeza kioo kidogo, na kwenye kinundu cha nne akaona doa la kahawia.

Kutu.

Hakuna mwingine aliyeona. Marita alikuwa anaongea na simu, Yonathani anafuta jasho. Ilitosha kutoa mkono na kusema safi, na miaka kumi na tano ingelipwa papo hapo. Imelda alitamani kufanya hivyo. Alitamani kweli kweli. Kisha akakumbuka viti viwili vya ile ndege, na kwamba cha mbele angekaa mumewe.

"Baba Tumpale," aliita. "Hii ina kutu."

Yonathani alimtazama mkewe, hakuitazama injini. Alijua mke wake alitaka nini. Hakuwa mjinga, alikuwa mkaidi tu. Alijua pia kwamba tundu lile lilikuwa halipitishi mkono wake, kwa hiyo angeambiwa lolote angeamini.

"Kubwa?" aliuliza taratibu.

"Kama punje ya mtama."

"Ifute kwa kitambaa cha mafuta. Halafu pitisha ukucha."

Imelda akafuta. Doa likatoka na kitambaa. Akapitisha ukucha, ukateleza mpaka mwisho bila kukwama.

"Ya juu juu hiyo," Yonathani alisema, akashusha pumzi. Akachukua spana zake bila kuambiwa na mtu, akahamia kwenye injini inayong'aa. "Mwanamke aliyesema kutu ya kitu anachokitaka," alinong'ona, nusu kwa Marita, nusu kwa nafsi yake, "siwezi kumwambia ninachokitaka mimi tusikifungue."

Rangi mpya ilibanduka kwenye boliti vipande vipande. Silinda ilipotoka, Imelda hakuhitaji kioo kutafuta. Vinundu vilikuwa vyekundu. Alifuta mara moja, mara mbili, mara tatu; kitambaa kikajaa, wekundu ukapungua, lakini ukucha ulipopita ulikwama, ukapita, ukakwama tena. Vijishimo vilikuwa vimekula chuma kwenda ndani.

"Ngoja na mimi," Yonathani alisema. Alijikunja, akabana vidole, akachubuka, mpaka ukucha wa kidole kidogo ukafika. Akaupitisha, ukakwama.

"Ingewaka," alisema mwishowe. "Ingewaka vizuri tu, ikatubeba mwezi, miezi miwili. Halafu vinundu vingesagika tukiwa angani." Akautoa mkono. "Ningekuweka juu ya hii, mama. Kwa sababu ya kibati."

Marita aliziba mdomo kwa mkono, akaapa kwamba hakujua, na uso wake ulionyesha kweli hakujua. Alikuwa ameipokea ikiwa imepakwa rangi tayari. Siku hiyo hiyo aliiandika kwa chaki ubavuni: VIPURI TU.

Walirudisha silinda ya ile ya kijivu, wakaifunga kwenye pikapu kwa kamba. Wakapita mizani ya malori ya Mpemba. Imelda aliyatazama mashamba, akashangaa kwamba hakuwa na hamu ya kujisifu.

"Ile miche yangu ya shamba la chini," Yonathani alianza, macho barabarani. "Haukuwa ukame?"

"Haukuwa."

"Ilikuwa nini?"

"Ilikaa sana kwenye kiriba kwa yule wakala. Mizizi ilikuwa imejisokota kama kamba."

"Ulijuaje?"

"Niling'oa mmoja."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Walipofika Isansa, Yonathani hakukata kona ya kwenda ghalani. Aliipeleka pikapu, injini yake ikiwa nyuma, mpaka kwenye uzio wa kitalu, akashuka, akavua kofia kama mteja mgeni. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza na miche ilikuwa imejipanga chini ya kivuli cha nyasi, mibichi, imekomaa kwa kiasi chake.

"Mwenyekiti," alisema. "Naomba miche mia mbili ya shamba la chini. Ya hapa."

Imelda aliinama, akachukua mche mmoja, tena uliokuwa mzuri kuliko wote kwenye mstari ule, akatoa wembe, akakichana kiriba kutoka juu hadi chini.

"Ah, mama, mbona unauharibu? Mimi nimeshaamini!"

"Hapa hatuuzi kwa kuamini," Imelda alisema. "Tazama."

Udongo ulimwagika, mizizi ikabaki mkononi mwake, myeupe, imeshuka chini moja kwa moja bila kona. Yonathani alichuchumaa. Akaushika mche ule kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku, akafuata mzizi mmoja kwa ncha ya ukucha ule uliochubuka. Miaka kumi na tano alikuwa akipita nje ya uzio huu asubuhi na jioni.

"Hebu niambie," alisema bila kuinua macho. "Mnafanyaje mpaka mzizi usijizungushe?"

Imelda alivuta kigoda akampa, akavuta cha kwake, akaanza kumweleza tangu mwanzo.