Maiki ya Mama Adelina

Sherehe ikienda vizuri, hutasikia mtu akisema fundi wa maiki ametutendea haki leo. Watasifiwa wapishi, atasifiwa MC, hata keki itasifiwa. Lakini maiki ikikwaruza sekunde mbili tu, ukumbi mzima unageuza shingo: "Fundiii! We fundi vipi?" Na fundi mwenyewe akiwa mwanamke ndiyo kabisa. Kuna baba mmoja aliwahi kuniuliza fundi yuko wapi, na mimi nimesimama mbele yake na waya mkononi na hedifoni masikioni. Nimemeza mengi katika kazi hii, mwaka wa tisa sasa. Ya Urambo sikuyameza, na sitayameza.

Naitwa Agnetha, nakaa Cheyo, Tabora mjini, nakodisha vyombo vya sauti. Adelina alinipigia simu wiki tatu kabla ya sendofu yake. Hakuuliza spika zangu ni kubwa kiasi gani wala kama nina taa za rangi. Alisema, "Dada Agnetha, mama yangu alifanyiwa operesheni ya rovu shingoni mwaka juzi. Alipona, ila sauti haikurudi. Ananong'ona tu. Na mimi sitoki nyumbani kwetu bila wosia wa mama yangu. Unaweza kumfanya asikike?"

Nikamwambia naweza. Nilipokata simu ndipo nilipojiuliza, Agnetha wewe, umeahidi nini?

Maana mnong'ono si sauti ndogo. Sauti ndogo unaipandisha, basi. Mnong'ono ni pumzi tupu. Ukiupandisha, unapanda pamoja na feni, na sahani, na mtoto anayelia kule nyuma, halafu spika zinaanza kupiga mluzi watu wanaziba masikio. Dawa yake ni maiki ikae karibu kabisa na mdomo, na spika zikae mbele ya msemaji, zimpe mgongo. Maiki ya mkononi haifai, kwa sababu mtu akichoka mkono unashuka. Nikaenda kwa wanakwaya fulani kuazima maiki ya shavuni, ile inayoning'inia sikioni na kufika pembeni mwa mdomo. Waya wake mwembamba unashuka mgongoni hadi kwenye kidude cheusi cha kiunoni, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, chenye kimkia. Kile kimkia ndicho kinachorusha sauti hewani mpaka kwenye mashine yangu. Ukikifunika kwa bati, umemfunga mtu mdomo.

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, nikapanda basi hadi Urambo na spika moja ndogo. Mama Koleta, mama yake Adelina, nilimkuta uani kwake anachambua maharage. Mjane, mwembamba, ana kovu la kulala shingoni.

"Shikamoo, mama."

Midomo ilisema marahaba, lakini masikio yangu hayakupata kitu.

Nikamvalisha ile maiki, nikaiwasha, nikamwomba aseme lolote linalomjia. Akafikiri kidogo. Kisha spika ikasema, wazi kabisa: "Mama Mhoja, kuku wako wamo kwenye mbaazi zangu."

Loo! Jirani alitoka nyuma ya ua mbio, mwiko mkononi. "Mayo wee! Ni Koleta huyo? Koleta anaongea?" Tulicheka mpaka machozi, sote watatu, na kuku wakaendelea na mbaazi. Halafu Mama Koleta akanishika mkono, akaniambia kupitia spika ileile, "Mwanangu, watu wakiona husikiki, wanaacha hata kukuuliza. Ndani ya nyumba yangu wananipita kama kiti." Nikamwambia, mama, Jumamosi watakusikia mpaka wapishi kule nje.

Jumamosi niliwahi ukumbini. Sherehe ilipangwa kuanza saa nane mchana kwa sababu wakwe walikuwa wanatoka Bukene na walitaka kurudi siku hiyohiyo. Kufika saa mbili asubuhi nimeshashusha vyombo kutoka kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nikatafuta masafa yasiyo na mtu, kila maiki nikaipa ya kwake, maana mbili zikikaa kwenye masafa mamoja ni kama wake wenza chumba kimoja. Nikaweka betri mpya. Nikatembea na kila maiki hadi mlangoni na kila kona, alo, alo, moja, mbili. Hakuna iliyokatika.

Hapo akaja Kornel, baba mdogo wa Adelina na mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Suti, ua kifuani, funguo za gari zikizungushwa kidoleni. Akaitazama ile maiki ya shavuni.

"Hii ya nani?"

"Ya Mama Koleta, baba. Ya wosia."

"Iweke pembeni. Wosia nitautoa mimi kwa niaba ya familia. Shemeji hana sauti."

Alivyolitamka lile neno, sikujua anazungumzia koo au ukoo. Nikamwambia, "Baba, sauti anayo. Imo humu." Nikamwonyesha kidude.

"Binti, wewe umekuja kufunga spika. Funga spika."

Nilimpigia simu Adelina, alikuwa saluni. Akasema mwambie baba mdogo, mama asipoongea, mimi sishuki kwenye gari. Kornel akavuta midomo. "Haya. Aongee dakika tatu. Akishindwa nitamalizia mimi." Akamgeukia MC Sabiri, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika jina lake kwenye ratiba, chini ya jina la mama.

Nilidhani vita imeisha. Kumbe kulikuwa na Eustadia.

Eustadia ndiye mpambaji. Rangi za sherehe zilikuwa zambarau na fedha, na dada huyu alikuwa ameapa kwamba hakuna kitu kitakachobaki na rangi yake ya kuzaliwa. Kavisha viti, kavisha kisu cha keki, kavisha mpaka mtungi wa kuzimia moto. Nilikwenda kunywa chai, narudi nakuta maiki zangu za mkononi zimevishwa karatasi ya fedha inayong'aa, ile ya kufungia zawadi, tangu kichwa hadi mkia.

"Dada! Hili ni bati hili! Limepondwa tu likawa jembamba. Mawimbi hayapiti!"

"Lakini inapendeza kwenye picha."

"Picha haina masikio!"

Nikazivua zote, nikamruhusu afunge utepe wa kitambaa shingoni basi, akanuna. Kisha nikaenda chumba cha pembeni, nikamvalisha Mama Koleta maiki yake, kidude nikakibana kiunoni kwa nyuma. Tukajaribu kwa sauti ya chini, ikatoka safi. Nikarudi kwenye meza yangu nyuma ya ukumbi. Kosa langu ni hilo, nalikiri. Sikubaki pale. Maana nilipotoa mguu tu, Eustadia aliona kile kidude cheusi kinaharibu gauni la fedha la mama mzazi. Na Eustadia akaona kitu cheusi, analala?

Saa tisa na nusu MC Sabiri akanguruma: "Makofi ya kilo kwa mama mzaziii!" Mama Koleta akasimama, akaja mbele, akasimama mbele ya binti yake. Wakwe wakanyoosha shingo. Midomo yake ikaanza kwenda.

Kra. Kra-kra. Kimya.

"Fundiii!"

Nikatazama mashine. Taa ya betri, kijani. Taa ya mawimbi inawaka inazimika, inawaka inazimika. Kwa hiyo kasoro haikuwa mdomoni kwake. Ilikuwa kati ya kiuno chake na meza yangu. Kabla sijainuka, Kornel ameshachukua maiki ya MC.

"Ndugu wageni, hili tulilijua. Shemeji yangu hana sauti, tusimtese mama wa watu. Wosia wenyewe ni uleule wa wazee wetu. Adelina mwanangu, ndoa ni kuvumilia. Chungu ukikionja, meza. Mke mwema ni yule..."

Mama Koleta alibaki amesimama na ile maiki shavuni, mdomo wazi. Kisha akaufunga. Akageuka kurudi kwenye kiti chake, taratibu, anatazama sakafu. Adelina alikuwa analia waziwazi, wanja umefika kidevuni. Na watu wanapiga makofi! Wanampigia Kornel!

Jamani, niliona giza. Katika kazi hii kuna mwiko mmoja: humzimi mtu anayeongea. Nimewavumilia walevi, nimemvumilia mwenyekiti wa kamati moja aliyesoma majina ya wachangiaji saa nzima, sijawahi kumzima mtu. Siku ile nilikishika kitelezi cha maiki ya Kornel, kile cha kupandisha na kushusha sauti, nikakishusha mpaka chini.

Mdomo ukaendelea, sauti hakuna. Akaigonga maiki. Akaipuliza. Akaitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Nilimwona akiita "fundi, fundi," na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna aliyemsikia. Onja, nikasema moyoni. Onja hata dakika moja.

Nikakatiza ukumbi na suruali yangu ya jinzi, mbele ya wakwe, mbele ya paroko, mbele ya kila mtu. Nikamshika Mama Koleta mkono kabla hajaketi. "Samahani mama, geuka kidogo." Nikaingiza mkono nyuma ya gauni. Nikasikia kwaruu, kwaruu. Karatasi! Nikakichomoa kidude, nacho kimefungwa vizuri na mkia wake umekunjwa ndani, juu kimepigwa fundo la utepe wa zambarau utadhani zawadi ya kipaimara. Nikaichana ile karatasi palepale. Nikaunyoosha mkia. Nikakibana kidude juu ya gauni, nje, cheusi tii, kionekane kwenye kila picha. Eustadia akashika kichwa.

"Ongea, mama."

Akavuta pumzi. Tuliisikia ile pumzi ukumbi mzima. "Adelina."

Vigelegele vilivyopigwa! Wapishi waliacha masufuria wakajaa mlangoni. Nikarudi mbio kwenye meza yangu, nikapunguza makelele, nikaiacha sauti yake ikae mbele.

"Adelina mwanangu. Baba yako mdogo amekuambia uvumilie. Mimi nilivumilia." Akagusa kovu lake. "Lile rovu nilikaa nalo miaka kumi na moja. Kila mwaka naambiwa vumilia, tuuze tumbaku kwanza, hospitali baadaye. Likikua nafunga kitambaa. Nilipofikishwa kwa daktari, akaniambia mama, umechelewa. Kuokoa maisha na kuokoa sauti, vyote viwili siwezi kukuahidi."

Vigelegele vilikuwa vimekwisha. Kornel alikuwa amefika mezani kwangu, jasho linamtoka, anasema kwa meno: "Mzime! Mzime huyo, anatuaibisha mbele ya wakwe!" Akanyoosha mkono kwenye mashine. Nikaweka kiganja changu juu ya kitelezi cha Mama Koleta.

"Gusa uone," nikamwambia. Hata 'baba' sikusema.

Sijui aliona nini machoni mwangu. Mkono aliurudisha mfukoni.

"Kwa hiyo mimi sikuachii wosia wa kuvumilia," mama aliendelea. "Ukiumwa, sema. Usiposikilizwa, sema tena. Ukisema mara ya tatu na hakuna aliyegeuka, funga mzigo wako urudi nyumbani. Wala usiogope ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wameliwa na baba zako. Mimi sikula hata mkia, hakuna atakayenidai. Usisubiri mpaka uwe unanong'ona kama mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. MC Sabiri alikuwa anatazama viatu vyake. Kule kwenye viti vya wakwe, mama mmoja mtu mzima alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na mumewe anamtazama kama ndiyo kwanza anamwona.

Mama Koleta akamgeukia bwana harusi, kijana anayeitwa Amon, aliyeketi na wapambe wake meza ya pembeni.

"Umenisikia, baba?"

Amon akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akakifungua, akajibu kitu mdomoni mwake, hakuna aliyekipata.

"Sema kwa sauti," mama akamwambia.