Aliyemshinda Swami

Kavindu alipoambiwa kwamba mwalimu wa bintiye angekuja kula nao nyumbani, mtaani Dandora, alifurahi. Alipoambiwa kuwa mwalimu huyo ni mtawa wa Kihindu, aliketi kwanza. Bintiye, Ndindi, akamweleza taratibu. Mzee alizaliwa Ubelgiji, akazama katika lugha za kale za Wahindi tangu ujana, akaenda Bara Hindi, akanyoa kichwa, akavaa vazi la rangi ya chungwa na kupewa jina jipya, Swami Amalagiri. Baadaye akawa profesa wa anthropolojia, elimu ya watu na desturi zao, na sasa alikuwa akifundisha chuo kikuu Nairobi. Ndiye aliyemsimamia Ndindi mpaka akapata udaktari, wa kwanza katika ukoo mzima.

Wathome, mumewe Kavindu, dereva wa lori na mzee wa kanisa, hakuipenda habari hiyo. Alikuwa ameshaagiza mbuzi soko la Kiamaiko kwa sherehe ya udaktari huo na kuwaalika washirika wa kanisa lake. Aliuliza angeketije meza moja na mtu aliyempa Kristo kisogo. Kavindu hakubishana naye. Alimwachia mbuzi wake, akanunua sufuria mpya isiyojua nyama, akampikia mgeni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Jumamosi Swami alikuja kwa miguu, mrefu, mwembamba, vazi lake likionekana tangu mwisho wa mtaa. Vijana wa kona wakamwita, "Niaje, Swami," naye akawajibu "poa" kama aliyezaliwa hapo. Alikula muthokoi kwa mkono, akaomba tena.

Walipomaliza, Wathome akalitoa lililokuwa likimkereketa: mama yake Swami alisemaje mwanawe alipoliacha kanisa?

Swami akaweka sahani chini. "Alinifungia mlango miaka mingi," alisema. "Kisha siku moja akaja kunisikiliza nikifundisha. Aliketi nyuma kabisa. Imani yangu hakuikubali mpaka kufa kwake. Alisema tu kwamba nimefundisha vizuri."

Wathome aliinuka. Alichukua birika, akamwongezea mgeni chai.

Ndipo Swami akaomba kusema neno. Zamani, alieleza, aliandika kitabu kuhusu watu wanaochambua taka, akadai kwamba kila mahali wao hujidharau, kama alivyodhani ameona Bara Hindi. Ndindi alipoanza utafiti wake kwenye jalala la Dandora, alimpinga. Walivutana sana, na kila mara mzee alirudi nyumbani akiwa amepungukiwa hoja.

"Nimekuja kulisema hili mbele ya wazazi wake," alimalizia. "Kitabu changu kilikosea. Binti yenu amenishinda, na nitaandika hivyo, kwa jina lake."

Watu wakapiga makofi. Kavindu alipiga pia, huku akiogopa swali ambalo lingefuata. Tangu wahamie kanisa hili, alikuwa akiwaambia washirika kwamba zamani aliuza mboga. Na kweli Mbeti, mwenyekiti wa akina mama, akamuuliza Ndindi alijuaje mambo ya jalalani kwa undani hivyo. Ndindi akafungua kinywa, kisha akakifunga, akamtazama mama yake. Siri haikuwa yake.

Kavindu akasimama.

"Aliyajua kupitia kwangu," alisema. "Nilichambua taka pale mpaka akamaliza shule. Siku zile sikuona haya, nilikuwa nalea mtoto. Haya niliipata baadaye, nilipoanza kuketi na watu. Leo naitupa."

Hakuna aliyecheka. Mbeti akainamisha kichwa, akasema yeye mwenyewe alilelewa na nyanya aliyeokota makaa, na hajawahi kulitaja popote.

Swami aliinuka, akaja mpaka mbele ya Kavindu, akapiga magoti na kumgusa miguu. Kavindu alishtuka, akamtafuta bintiye kwa macho. Ndindi akamnong'oneza kwamba mtawa hamwinamii mtu ila mwalimu wake na mama. Basi Kavindu akaweka kiganja juu ya kile kichwa kilichonyolewa, akasema alilowaambia watoto wake wote: "Mungu akutunze, mwanangu."

Jioni Wathome mwenyewe ndiye aliyemsindikiza mgeni. Njia nzima alisimama kila penye duka na kila penye kibanda, akisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Huyu ni mwalimu wa daktari wetu." Nyumbani, Kavindu alikuwa katikati ya akina mama, kanga imemteleza begani, akiwasimulia jinsi yeye na wenzake wa jalalani walivyokuwa wakilijua lori la taka kwa mlio wake tu, na jinsi alivyokuwa mwepesi kuliko wote kulifikia.