Jiko la Mtu Mmoja

Wivu wa yule fundi wa kuchomelea vyuma haukuwa wa kupiga kelele. Ulikuwa wa kuuliza maswali, tena kwa sauti ya upole, na huo jamani ndio mbaya. Mkewe, muuguzi, alikuwa amejiunga na wenzake wanne wa hospitalini wanaopanda milima siku za mapumziko. Miongoni mwao alikuwamo dereva wa gari la wagonjwa, kijana wa watu, shingo ndefu, mcheshi. Wenyewe wakimwita Twiga. Safari iliyopita Twiga ndiye aliyempikia chai kule juu. Muuguzi alilitaja hilo mara moja tu, akiwa anafua, akalisahau. Fundi akawa analala nalo na kuamka nalo.

Kwa hiyo mkewe aliposema wenzake wamemtuma akanunue jiko la gesi la safari, yale madogo ya kubeba mgongoni, fundi alivua glavu na kufunga karakana mchana kweupe.

"Twende wote," alisema. "Mambo ya gesi niachie mimi."

Dukani muuzaji aliwawekea majiko mawili mezani. La kwanza lilikuwa na miguu mitatu na mpira wa kuleta gesi kutoka kwenye kopo lake. Linakaa chini, halitikisiki, linabeba sufuria ya watu watano. La pili lilikunjika likaenea kiganjani. Hilo unalifunga juu ya kopo lenyewe, unabandika kikombe, na maji yanachemka hujamaliza hata kuvua viatu.

"Tuchukue la miguu mitatu," alisema mkewe. "Tutapika sufuria moja, tule wote. Hata Twiga alisema hivyo hivyo."

Laiti angeishia kwenye sufuria. Fundi alilinyanyua lile la kukunjika.

"Hili dogo ni la watu wangapi?" alimuuliza muuzaji.

"Mmoja, mzee. Ukibandika sufuria kubwa linapinduka."

"Mmoja tu?"

"Mmoja."

Basi fundi akageuka mwalimu. Akasema lile la kwanza litamvunja mama watoto mgongo. Akasema mipira ya gesi hupasuka hovyo, na yeye ameishika tangu hajaota ndevu. Uongo mtupu, na alijua ni uongo. Muuzaji alijaribu kutia neno, akakatwa kauli. Machoni fundi alikuwa akimwona Twiga amechuchumaa kando ya sufuria, anamuuliza mkewe kama chumvi imekolea. Mkewe alimtazama sana, akakubali shingo upande, wakarudi na la mtu mmoja. Siku hiyo fundi alichomelea mageti huku akipiga mluzi.

Jioni ya kuamkia safari alikaa kitandani akimtazama mkewe akipanga begi. Jiko likaingia, kikombe kikaingia, koti la mvua likafuata. Begi likafungwa.

"Na kopo la gesi je?"

"Anabeba Twiga."

"Kwa nini Twiga?"

"Si jiko la wote hatukupata? Kiongozi wetu katugawa. Wale watatu wameazima lao, na mimi nimepangiwa Twiga. Mmoja abebe jiko, mwenzake gesi, uzito usimwelemee mtu." Alikuwa akitafuta soksi chini ya kitanda, hata hakumtazama. "Tutachemsha kwa zamu, kikombe kimoja kimoja. Itabidi tuongozane njia nzima, maana tukiachana hakuna atakayekula."

Fundi aliinuka kitandani.

"Tukalibadilishe."

"Duka limeshafungwa, baba watoto. Na usijisumbue, nimewaambia wote kwamba wewe ndiye uliyenichagulia." Alizipata soksi, akaketi kuzikunja. "Twiga amefurahi kweli. Anasema mume kama wewe ni wa kutafuta kwa tochi."

"Mwambie nimeshukuru," alisema fundi, na roho ikamuuma mpaka akainama.