Bia ya Mwalimu Bartholomayo

Jumanne asubuhi Yasinta aliamka akidhani kuna panya amefia uvunguni. Aliinama, akachungulia, akavuta masanduku, akafagia mpaka kwenye pembe. Panya hakuna. Uvundo ndiyo kwanza unazidi. Akaufuata kwa pua, akapita ukumbini, akafika kwenye mlango wa stoo, na hapo akajua. Hakuwa panya. Alikuwa mume wake.

Jamani, kuna kunuka na kuna kunuka. Hii ilikuwa harufu ya yai viza, tena si moja, trei nzima. Ilitoka kwenye ndoo ya lita ishirini iliyofunikwa barabara, na kwenye mfuniko kulikuwa na kibomba kilichotumbukizwa ndani ya chupa ya maji. Kila baada ya muda kidogo maji yale yalitoa povu, bwu, bwu, na kila bwu moja ilikuja na uvundo wake mpya.

"Inapumua," alisema Mwalimu Bartholomayo nyuma yake, kifua wazi, taulo kiunoni, uso umechangamka. "Umesikia, Mama Upendo? Hamira inapiga kazi."

"Inanuka, Baba Upendo."

"Hatua za mwanzo huwa na harufu kidogo."

Kidogo! Yasinta alitazama ile taulo, akatazama tumbo la mwalimu lililoning'inia juu yake, akahisi chai ya jana inampanda kooni.

Mwalimu alikuwa amestaafu mwezi wa tatu, baada ya miaka thelathini ya kufundisha kemia hapahapa Newala. Wenzake wakistaafu wanahamia kwenye mikorosho yao. Yeye shamba lilimchosha kwa wiki mbili tu. Akahamia kwenye simu, na humo akakuta watu wazima na akili zao wanapika bia jikoni kwao, si kwa kuuza, kwa kujifurahisha tu. Akajiunga na kikundi chao cha mtandaoni, kiongozi wake mstaafu mmoja wa Masasi aitwaye Gideoni. Upendo, binti yao aliyeko Dar es Salaam, akaombwa atume hamira ya bia na yale majani makavu machungu yanayotiwa kwenye bia. Mwalimu akaokota chupa tupu kwenye mabaa, chupa ambazo Mungu peke yake ndiye anayejua zimetemewa nini, akazijaza kwenye beseni la Yasinta la kuoshea mboga. Maji yenyewe hapa uwandani tunayanunua kwa ndoo, na yeye anasuuza chupa mara tatu tatu, anamwaga, anachota tena. Yasinta akawa anaoga kwa kopo moja.

Haya yote aliyavumilia. Lakini yai viza, hapana. Siku hiyo hiyo alipekua stoo mpaka akapata chanzo. Nyuma ya mlango kulikuwa na mfuko mweupe, bado umelowa, una mizizi ya mtama imenasa kwenye nyuzi. Aliugeuza upande wa maandishi.

"Baba Upendo," aliita. "Kimea chako umekioteshea humu?"

"Ndiyo. Unapitisha hewa vizuri."

"Huu ni mfuko wa salfa."

Salfa, ile poda ya manjano tunayopulizia mikorosho ikianza kutoa maua, ile inayowasha macho wiki nzima. Mtoto wa darasa la pili wa Newala anajua mfuko wake hauwekwi chakula.

"Niliufua," alisema mwalimu.

"Uliufua."

"Mara mbili." Halafu kemia ikamrudia taratibu, na Yasinta aliiona inavyomrudia usoni. Hamira ukiilisha salfa inakupa yai viza. Miaka thelathini ya chaki!

Yasinta angecheka. Angecheka mpaka akae chini. Kilichomzuia ni kwamba alimkumbuka mama yake.

Bi Maria, mama yake Yasinta, anaishi Mkunya, na watoto wake watano aliwasomesha kwa kuuza uraka, pombe ya mabibo. Kila msimu wa korosho alikusanya mabibo, akayakamua kwa mikono yake, akaiacha juisi yake ikachacha kwenye mtungi kwa kipimo anachokijua yeye, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kunywa kwake. Siku ya harusi ya Yasinta alileta mitungi sita. Bartholomayo, bwana harusi, mwalimu mpya mwenye suti ya kijivu, akaagiza mitungi irudishwe. Alisema wageni wake ni watu wa maofisini, hawawezi kunywa kitu kilichokamuliwa na mtu asiyejua hata vijidudu ni nini. Alisema hivyo Bi Maria akiwa amesimama palepale. Tangu siku ile, miaka ishirini na saba, mwalimu hajagusa kitu cha mkono wa mkwe wake. Akienda Mkunya anabeba maji yake ya chupa.

Bi Maria hakuwahi kulalamika. Alikuwa akimuuliza tu binti yake, kila msimu, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa: "Na mwaka huu hatakunywa?"

Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyejaza uvundo nyumba nzima. Na mbaya zaidi, alikuwa ameshawatangazia wenzake kule kwenye simu kwamba amefuzu. Gideoni na wanakikundi wawili walikuwa wanakuja kutoka Masasi Jumamosi kuonja.

Alhamisi simu ya Yasinta ililia. Alikuwa Bi Maria, na alikuwa analia kwa furaha.

"Mwanangu, mkwe amekuja! Amekuja mwenyewe na bodaboda, na madumu mawili. Amechuchumaa, akaniamkia, akaniomba uraka wangu. Mimi! Kasema ana wageni Jumamosi. Nimempa ule wa mtungi mkubwa, ule uliokaa sawasawa. Mwanangu, miaka yote hii, leo kaomba kwa mdomo wake!"

Yasinta alijua palepale. Alikata simu, akaenda uani, na kweli, mwalimu yuko kwenye kigoda, funeli mkononi, anamimina uraka wa mama yake kwenye zile chupa. Pembeni kuna sufuria ya majani machungu aliyoyachemsha na sukari aliyoiunguza ikawa nyeusi. Anatia kijiko cha hiki, kijiko cha kile, anabana kizibo kwa kimashine chake, anabandika karatasi. Karatasi zimeandikwa BIA YA BIBO, MWL. B.

"Hii ni kazi ya mama," Yasinta alisema.

"Malighafi ni ya mama," alijibu bila kuinua kichwa. "Utaalamu ni wangu. Na tafadhali, Mama Upendo, mbele ya wageni usianze mambo ya Mkunya."

Alikohoa, akajifuta pua kwa kiganja, akashika chupa nyingine kwa kiganja kilekile. Yasinta aliona kinyaa kikimtambaa mpaka kwenye meno. Amelala na mtu huyu, amemzalia, amemfulia soksi. Kitu alichokitaka sasa kilikuwa kimoja tu, wala hakikuwa kikubwa: mbele ya wageni wale, jina la mama yake litajwe. Bia ni ya Bi Maria wa Mkunya, basi. Alimwambia hivyo mumewe Alhamisi, akamwambia tena Ijumaa. Ijumaa mwalimu aliendelea kubandika karatasi zake.

Jumamosi wageni walifika saa sita, wakaamkiana, wakakaa barazani. Hawajamaliza hata kusifu upepo, bodaboda ikaingia uani, na juu yake Bi Maria, kitenge kipya bado kina gundi ya dukani, kilemba kimesimama. Hakuna aliyemwita. Amejileta mwenyewe kuja kumwona mkwe wake akinywa uraka wake mbele za watu.

Mwalimu alimwahi mkewe mlangoni. "Mpeleke jikoni," alinong'ona. "Mpe chai. Akae hukohuko."

Yasinta alimshika mama yake mkono, akampeleka barazani moja kwa moja, akamkalisha kwenye kiti cha mwalimu mwenyewe.

"Shikamoo mama," walisema wageni.

"Marahaba wanangu, marahaba. Hamjambo huko Masasi?"

Mwalimu ilibidi aendelee. Alisimama na kuhutubia: miezi mitatu ya utafiti, usafi wa vyombo, vipimo vya joto. Alisema watu wa zamani walikuwa wanabahatisha tu, wanachachusha kienyeji, lakini yeye ameliingiza bibo kwenye sayansi. Bi Maria alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila neno. Hakuelewa kwamba hao "watu wa zamani" ndio yeye. Yasinta alielewa, akabana mdomo asitapike.

Chupa ya kwanza ilipofunguliwa iliruka povu mpaka kwenye shati la mwalimu. Wageni wakacheka. Gideoni akapokea bilauri, akairudisha mezani.

"Ah, mwalimu, tusisahau ya nyumbani. Mpishi aanze."

Ndivyo ilivyo kwetu. Aliyepika pombe ndiye anayetangulia kunywa, wageni wanamtazama ikipita kooni, ndipo nao wanyooshe mikono. Asipokunywa yeye, hanywi mtu. Mwalimu aliinua bilauri, akanywa nusu. Bi Maria alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, mikono ameibana magotini.

"Imekaa vizuri, mkwe?"

"Imekaa vizuri sana, mama."

"Hebu nami nionje."

Hakuna aliyeweza kumnyima. Yasinta ndiye aliyempa. Bi Maria alionja kidogo kwa ncha ya ulimi, kama anavyoonja siku zote, halafu uso wote ukamkunjika. Aligeukia pembeni ya baraza. Ptuu! Alitema, akatema tena, akajifuta mdomo kwa upindo wa kitenge kipya.

"Mkwe wangu, nilikupa uraka mzima. Umeutia nini humu?"

Gideoni alitazama chupa, akatazama karatasi, akamtazama mwalimu.

"Alikupa?"

Mwalimu alicheka kicheko kifupi. "Msimsikilize. Mama amezeeka, anachanganya mambo."

Lo! Hapo ndipo Yasinta aliposhindwa kumeza tena. Hakupiga kelele. Alikwenda stoo, akaikumbatia ile ndoo ya lita ishirini, akaileta inapumua vilevile, bwu, bwu, akaitua juu ya meza katikati ya bilauri. Akang'oa mfuniko.

Mgeni mmoja aliruka baraza. Mwingine alijifunika uso kwa kofia. Gideoni alibaki amekaa, machozi yanamtoka, ameziba pua kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo bia ya mwalimu," alisema Yasinta. "Ameioteshea kimea kwenye mfuko wa salfa. Ile nyingine ni ya mama. Haya, Baba Upendo." Alichota bilauri moja ya kile kitu cha kijivu, akamnyooshea. "Mpishi aanze."

Mwalimu aliitazama ile bilauri. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Aliisogeza puani, akagutuka, akaiweka chini. Alitazama wageni, na wageni walikuwa wanamsubiri.

"Ya kwenye chupa ni ya mama," alisema.

"Mama yupi?" Gideoni aliuliza.

"Mama mkwe wangu. Bi Maria, wa Mkunya."

Ikawa imesemwa. Yasinta aliisubiri raha ije. Alimtazama mama yake, akidhani atamwona akilia, au akinyanyuka kwenda zake, au hata akimtukana mtu tusi moja la kumtosha. Bi Maria alikuwa anajifunga kilemba upya.

"Basi wageni wasikae na kiu," alisema. "Nyumbani nina mtungi wa pili, huo hajaugusa mtu. Twendeni. Na wewe mkwe, twende."

Wakaenda kwa gari la Gideoni, mwalimu amebanwa nyuma na shati lake lenye povu. Kule Mkunya Bi Maria alitandika mkeka, akachota kata ya kwanza, akanywa mwenyewe, wote wakamtazama. Kisha akachota ya pili. Akawapita wageni wote watatu, akapiga magoti mbele ya Bartholomayo, magoti yale ya miaka sabini na mbili, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Hakuomba msamaha, mwalimu. Alipokea, akanywa, akamaliza, akarudisha kata. Na Bi Maria akapiga kigelegele, kile cha harusini, kirefu, mpaka majirani wakachungulia.

"Amekunywa!" alisema, akamgeukia binti yake. "Yasinta, umeona? Amekunywa!"

"Nimeona, mama," alisema Yasinta. Alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba, akatema mate mpaka mdomo ukakauka. Kisha akarudi ndani kuwasuuzia wageni vikombe.