Sindano ya Mama Pindo

Binti wa Mama Pindo alijifunza tangu utotoni kumkumbatia mama yake kwa ubavu. Upande wa kushoto wa blauzi ya mama, pale kifuani, siku zote kulikuwa na sindano imechomekwa, uzi ukining'inia, na aliyejirusha kwa mbele alijutia. Basi mtoto alikuja kwa pembeni, akalaza kichwa begani kidogo, akaenda zake. Miaka ishirini na saba mambo yakaenda hivyo, na mama mtu, fundi anayeona uzi uliolegea toka ng'ambo ya barabara, hilo hakuliona.

Sasa binti alikuwa na mimba ya kwanza, katika mji wa mbali, nusu siku nzima kwa basi. Daktari alimwambia atajifungua mwisho wa wiki. Jumatatu asubuhi akapiga simu.

"Mama, utakuja?"

"Nitakuja, mwanangu. Nimalizie tu haya majoho ya chuo."

"Hata siku ya mahafali yangu ulisema hivyo hivyo."

Mama Pindo alibaki na simu mkononi, aibu imempanda mpaka masikioni. Kweli, siku ile binti yake alipopanda jukwaani, yeye alikuwa kwenye kiti hiki hiki, anapiga pindo majoho ya watoto wa wenzake. Safari hii akikosa, alijua hatasamehewa, na yeye mwenyewe hatajisamehe.

Majoho yalikuwa thelathini, ya kuchukuliwa Jumamosi. Cherehani ilishamaliza kazi yake; yalibaki mapindo, nayo aliyapiga mwenyewe kwa mkono, ndiko lilikotoka hilo jina lake. Tena ndani ya kila mkunjo, mahali asipopaona mtu mpaka afumue, aliacha mshono mmoja wa uzi mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake.

"Mpe Fundi Taratibu," alisema wifi yake, aliyeuza nyuzi na vifungo chumba cha pili na kumsaidia kupiga pasi kazi zikizidi.

"Yule? Yule akianza suti ya bwana harusi, mwenyewe ataivaa akiwa babu."

"Lakini umewahi kuona mtu anamrudishia nguo? Wifi, una mikono miwili tu, na mjukuu ataitaka yote."

Mama Pindo akasalimu amri, shingo upande. Alibeba majoho sita mpaka chumba cha Fundi Taratibu, jirani yake, hatua kumi tu kutoka mlangoni kwake, akayabwaga mezani. "Yapige pindo vizuri," akasema, akaondoka. Vizuri ni vipi, hakusema. Badala yake akawa anapita. Mara kaja kuuliza saa, mara kaja kuazima mkasi.

"Dada yangu," Fundi Taratibu alimwambia kwa upole, bila kuinua macho, "hii mara ya tatu unaazima mkasi, na wako umeushika mkononi."

Jumanne mchana majoho sita ya fundi yalikuwa tayari, na Mama Pindo naye alikuwa amemaliza sita yake. Wifi akayapiga pasi yote kumi na mawili, akayapanga rundo moja. Mama Pindo akalizunguka lile rundo kama askari wa forodha.

"Ya kwake nayajua bila kuambiwa," akasema, akasonya. "Ona hili! Mishono kama kuku kapita."

Akashika wembe, akafumua. Akavuta la pili, akafumua. La tatu alilifumua polepole kidogo, na kwenye mkunjo kikachungulia kipande cha uzi mwekundu.

Akalirudia la kwanza, akapekua. Uzi mwekundu. La pili, mwekundu. Yote matatu yalikuwa ya mkono wake mwenyewe.

Wifi alicheka mpaka akakalia maboksi ya vifungo. Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza, akamshika mkono.

"Kumbe nimezeeka," alisema Mama Pindo.

"Umechoka, wifi yangu. Na ulitaka kosa liwe la mwenzio."

Hapo ndipo Mama Pindo alipocheka, machozi yakimtoka, na hakujua ni ya kicheko au ya kitu kingine. Akachukua joho moja zuri, na zuri hilo, alipolikagua, lilikuwa la Fundi Taratibu. Akakata kipande cha kadibodi, upana wa vidole viwili, akavuka navyo.

"Kaka, nilikupa kazi sikukupa maelezo. Pindo liwe upana huu, usizidi. Mfano ni hili lako mwenyewe. Yote yaliyobaki, na yale matatu niliyoyafumua, yaishe Ijumaa mchana, wifi apige pasi na kuyakabidhi. Ukikwama, muulize yeye. Mimi nasafiri kesho."

"Na hutapiga simu kuniuliza?"

"Nitajikaza."

Fundi akatabasamu. "Ule uzi wako mwekundu je, niutie?"

Miaka yote hiyo hakuna joho lililotoka kwa Mama Pindo bila uzi ule. "Tia uzi wako," akasema. "Rangi uipendayo."

Kisha akachomoa sindano kifuani, akaichomeka kwenye lile joho la mfano. "Na hii, inakikubali sana kitambaa hiki." Fundi Taratibu aliipokea kwa mikono miwili.

Jumatano alasiri binti alifungua mlango, tumbo limemtangulia, macho yamemjaa usingizi. Alipomwona mama yake na begi lake, akapiga ukelele wa furaha, akamsogelea kama alivyozoea, kwa ubavu, bega mbele.

"Huko pembeni unatafuta nini?" alisema Mama Pindo. "Njoo mbele."

Binti akasimama. Akaitazama blauzi, akapapasa kwa kidole pale upande wa kushoto, penye vitundu vidogo vidogo vya miaka mingi.

"Iko wapi?"

"Nimeiacha kazini."

Basi binti akaja kwa mbele, na mama akampokea kwa mikono yote miwili, yeye na tumbo lake. Walikaa hivyo kizingitini muda mrefu, na begi likabaki nje.