Vioo vya Turgay

Mtu akishaambiwa kwamba kichwa chake kimeanza kwenda mrama, kila alifanyalo linageuka ushahidi. Akiacha ufunguo mlangoni, amesahau. Akiukumbuka, leo amebahatika. Saniye aliishi hivyo majira yote ya baridi ya mwaka ule, nyumbani kwake ghorofa ya tatu, mjini Erzurum, na aliyemtia katika hali hiyo ni Turgay, mwanawe wa kumzaa.

Ubaya ulianzia kwenye kombi, ule mtambo wa gesi ulioangikwa ukutani kwenye roshani, unaochemsha maji na kuyasukuma hadi kwenye vipasha joto vya vyumbani. Ulikuwa umefanya kazi miaka na miaka bila maneno. Baridi ilipoanza, nao ukaanza kuzima. Unawaka, unanguruma kidogo, unakohoa, kimya. Saniye anabonyeza kitufe, unawaka tena, anarudi sebuleni, na kabla hajakaa sawasawa vyumba vimeshaanza kupoa. Na Erzurum si mji wa kufanyia baridi mzaha. Ukimwaga maji nje yanageuka barafu ungali umeshika ndoo.

Fundi aliitwa. Akafungua kioo cha roshani ili avute sigara yake huku akifanya kazi, akapima msukumo wa maji, akasafisha kichomeo, akawasha, na mtambo ukaunguruma kana kwamba haujawahi kuugua. Akasema hauna kitu. Alipoitwa tena ikawa vilevile, sigara ileile na jibu lilelile. Safari hiyo alimtazama Saniye, kisha akamtazama Turgay, na Turgay akapandisha mabega.

Tangu siku hiyo, kwa Turgay, ikawa anayeuzima ni Saniye mwenyewe. Turgay hakumwambia usoni. Alimpigia simu dada yake Nurten, aliyeolewa Bursa. Akamwambia Behice wa ghorofa ya pili. Akamwambia hata muuza mikate wa mtaani, awe anamtupia mama jicho, siku hizi anazimazima vitu. Kisha akaja na utepe mpana, akaziba vitufe vyote vya kombi, akaacha kimoja tu cha kuwashia. Saniye alisimama nyuma yake akimtazama. Mtoto huyu alimlea kwa kufuma soksi za kuuza baada ya baba yake kufa, na leo anamzibia vitufe kama anayefungia sumu kabatini watoto wasiifikie. Ilimuuma. Ilimuuma zaidi kwa sababu hata yeye alikuwa ameanza kujishuku. Kuna nyakati aliitazama mikono yake na kujiuliza imekuwa ikifanya nini wakati yeye hayupo.

Wala haikuwa siri Turgay anataka nini. Mwanawe Alper alikuwa anaoa kiangazi, na ilionekana haifai bibi arusi aingie nyumba ya kupanga ilhali bibi mtu ana vyumba vitatu peke yake. Saniye angehamia kile chumba cha nyuma kwa Turgay, karibu na jiko. Hakuna aliyesema afukuzwe, la hasha. Walisema akapumzike.

Ukweli ulimjia kwa njia ya kusahau, na hilo lilimchekesha hata yeye, ingawa si kicheko cha furaha. Asubuhi alisukuma kioo kimoja cha roshani awamwagie shomoro makombo ya mkate. Vioo hivyo vilikuwa fahari ya Turgay. Alivitia muda mfupi kabla ya baridi kuanza, akaizungushia roshani yote, kisha akaita majirani waje waone mama yake alivyotunzwa. Basi Behice akabisha hodi kuomba hamira, wakapiga soga mlangoni, na Saniye akasahau kukifunga kioo. Kombi ikanguruma mpaka jioni bila kuzima.

Alipokiona kioo wazi alikifunga mbio, akijilaumu kwa kuupasha joto mtaa mzima. Hajamaliza hata kumenya viazi, kombi ikazima. Akabaki amesimama, kisu mkononi. Akaenda akakifungua kioo, akabonyeza kitufe. Ikawaka, ikatulia. Akakifunga, baada ya muda, kimya.

Ndipo alipoinua macho akalitazama bomba la moshi. Zamani lilitema moshi nje, kwenye hewa wazi. Sasa liliutema ndani ya vioo, na kombi ikawa inavuta moshi wake yenyewe mpaka inakabwa. Na ule unyevu uliochuruzika kwenye vioo, ambao Turgay alidai unatokana na birika la mama lisilotoka motoni, kumbe ni mvuke wa moshi huohuo! Saniye alimkumbuka fundi wa vioo akiuliza kama bomba lirefushwe litokeze nje, na Turgay akijibu kwamba hawezi kutoboa kioo kipya kwa ajili ya bomba kuukuu.

Hakumpigia simu mtu. Alisubiri Jumapili, Nurten alipokuja kutoka Bursa ili shauri la kuhama limalizwe. Akawaandalia chai na sukari ya kumung'unya, akavifunga vioo vyote mbele ya macho yao, akawaambia wasiinuke kabla hawajamaliza bilauri zao. Bilauri hazijafika nusu, kombi ikakohoa, ikanyamaza. Akawaeleza. Turgay alitoka hadi roshani, akalitazama lile bomba muda mrefu, na kisogo chake kikawa chekundu.

"Kwa hiyo si mimi," Saniye alisema.

"Mama, nani kasema ni wewe?" Nurten aliuliza.

"Kaka yako. Hakubakiza mtu, mpaka muuza mikate."

Turgay alirudi akaketi. Saniye alingoja neno moja tu kutoka kwake. Turgay akatia kipande cha sukari shavuni, akapiga funda la chai.

"Basi ni hatari kuliko tulivyodhani," alisema. "Moshi wa gesi unaua, mama. Siwezi kukuacha humu hata siku moja zaidi."

"Kaka anasema kweli," Nurten akadakia, na uso wake ulionekana kupata nafuu. "Ungetufia humu."

Saniye akasema bomba lirefushwe, kioo kitobolewe, mambo yaishe. Turgay akajibu kwamba hilo likitengenezwa litaharibika jingine. Hapo Saniye akaelewa. Hawakuwa wakitafuta ubovu wa kombi hata siku moja. Alikuwa amewathibitishia kwamba ana akili timamu, na wao walikuwa hawana haja nayo.

"Sawa," alisema. "Nitahama."

Wote wawili wakainua vichwa.

"Ila kwanza ushuke ngazi, mwanangu. Ubishe kila mlango. Kwa Behice, kwa mwalimu wa ghorofa ya kwanza, ukimaliza uende kwa muuza mikate. Uwaambie mama yangu hana wazimu, vioo vyangu ndivyo vilivyokuwa vinaizima kombi. Ukirudi utanikuta nimefunga mzigo."

"Unataka kunidhalilisha mtaani, mama? Mtu mzima kama mimi?"

"Kumbe unajua kunauma."

Nurten akasema jamani yaishe, ni mambo ya nyumbani haya. Turgay aliinuka, akatoka nje ya mlango, akavaa viatu vyake kwenye zulia la kufutia miguu bila kufunga kamba. "Nakwenda," alisema, na hakusema wapi.

Saniye alisimama na mkono kwenye kitasa, akisikiliza nyayo zikishuka. Alitamani hodi moja tu. Hodi moja kwa Behice, na Saniye angemkabidhi mwanawe funguo siku ileile, akaenda kulala kwenye kile chumba cha nyuma bila kinyongo. Nyayo zilipita mlango wa Behice. Zikapita kwa mwalimu. Kisha lango la chini likafunguka na kujifunga, na nyuma ya Saniye, Nurten akauliza kama chai ingalipo.